Jina Tuliloliandika Ndani ya Bodi

Kabla ya programu yoyote kufanya kazi ndani ya mashine, ipo nyingine ndogo inayoitangulia. Umeme ukiingia tu, hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Inatazama kama kumbukumbu ipo, kama saa inatembea, kama waya wa mtandao umechomekwa au umesahauliwa, halafu inaiamsha programu kubwa, inaiachia kazi na kunyamaza. Sisi tunaoishughulikia tunaiita butloda. Watu wanaitumia kila siku bila kujua kwamba ipo, na mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, huwa hata sijafika katikati ya maelezo ameshaanza kuangalia simu yake. Siku hizi nasema naamsha mashine, basi.

Kazi hiyo naifanyia Mbarara, magharibi mwa Uganda, katika nyumba ya kupanga huko Kamukuzi ambayo sebule yake tumeigeuza karakana. Mwenye karakana ni mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akitengeneza redio za jeshi, na wote tunamwita Afande, hata mkewe. Tunatengeneza vidhibiti vya matangi ya kupozea maziwa. Huku Ankole, nchi ya ng'ombe, hakuna mzaha na maziwa. Tangi likizubaa, wafugaji wanamwaga maziwa ya siku nzima, na wanajua mlango wa kuja kugonga.

Afande alinunua boksi zima la bodi za bei ya chini, kutoka kiwanda ambacho tulikuja kugundua kwamba kilishazitupa mkono. Programu zilizokuja nazo zilikuwa za zamani na zimefungwa, huwezi kuzigusa. Ipo butloda ya wazi ambayo watu wa nchi nyingi wanaiandika pamoja bila kulipana, na kila mtu anaruhusiwa kuichukua. Tatizo ni kwamba ilikuwa haizijui bodi zetu. Ilibidi mtu aifundishe: aiandikie viendeshi, yaani vijiprogramu ambavyo kila kimoja kinajua kuongea na kifaa kimoja tu, hiki na kumbukumbu, kile na mtandao. Afande alinitazama mimi. Naieleza kazi hiyo kwa kirefu kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko zote maishani mwangu, na ndiyo ninayoijutia.

Bodi mpya, kitu cha kwanza unaipa mdomo. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya mwembamba na kuifundisha kutoa herufi moja moja, ili ikikwama ikwambie imekwama wapi. Yangu ilitoa takataka, alama za ajabu ajabu zilizojaa kwenye kioo kama mchele uliomwagika. Kila bodi ina kipande kidogo kinachopiga mapigo, na kila kitu ndani yake kinafuata mapigo hayo. Karatasi za kiwanda zilisema kinapiga kwa kasi moja. Kilichobandikwa kwenye bodi zetu kilipiga kwa nyingine. Nilipoteza siku nyingi nikiamini karatasi. Nina hasira za karibu, sifichi, na walioandika karatasi zile niliwatukana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kinyankole kidogo nilichookota sokoni. Afande alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anachungulia na kuniita nyabo, yaani bibie kwa Kinyankole.

"Nyabo, hii kitu iko nalala bado?"

Namwambia ndiyo, inalala, na aniache. Anaondoka akicheka. Nilipobadilisha ile namba ya mapigo, bodi ikaandika mstari mmoja safi wa salamu nilioupanga, nami nikajikuta nimeusoma kwa sauti kama barua kutoka kwa mtu niliyedhani amekufa.

Baada ya hapo kazi ilisogea. Kumbukumbu ikakubali, mtandao ukakubali baada ya kubembelezwa sana. Kilichobaki ni umeme wenyewe. Vituo vingi vya maziwa vilivyokuwa vinatusubiri, vile vya mbele ya Kaberebere, vinategemea jua, na jua haliji kwa ghafla kama swichi ya ukutani. Alfajiri linapanda taratibu. Bodi inapata umeme kidogo, inajaribu kuamka, inazimika, inajaribu tena, na katika kule kuanguka na kuinuka inaweza kujiharibia kumbukumbu. Karakana yetu ina umeme wa mji, kwa hiyo kasoro hiyo Kamukuzi haionekani. Nikaifunga bodi ndani ya kanga na kwenda nayo nyumbani Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, kwenye paneli ya jua ya Mama.

Mama si aliyenizaa. Wazazi wangu walikuwa majirani zake kando ya ziwa, kule Burundi, alikokuwa akiuza mawese. Vita vilipowachukua, yeye alinibeba pamoja na binti yake, mtoto wa umri wangu, na tukakimbia watatu. Njiani, kwenye kituo cha kwanza, alipewa karatasi iliyosema mama na mtoto mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa mgongoni mwa mwanamke mwingine wakati wa kuhesabiwa. Kisha binti yake akashikwa na homa, akafa, akazikwa kando ya barabara mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angeweza kupaonyesha tena. Tulipofika Nakivale, karani alitazama karatasi, akamwona mwanamke na mtoto mmoja wa kike, akaandika. Mama hakusema neno. Aliogopa kwamba akisema mimi si wake, nitapelekwa kukaa na watoto wasio na wazazi. Kuanzia siku ile nikawa naitikia jina la marehemu.

Shuleni nilisoma kwa jina hilo, cheti changu cha chuo cha Mbarara kina jina hilo, na majirani wa Misiera, mtaa wetu pale kambini, hawajui lingine. Na kwetu mtoto hapewi jina la baba wala la ukoo ambalo angebaki nalo hata akipoteza mengine. Anapewa lake peke yake, siku anapopewa, na likipotea limepotea lote. Langu tulilijua wawili tu duniani, mimi na Mama. Ndani ya nyumba Mama hakuniita kwa lolote kati ya hayo mawili. Aliniita "mwana", na mimi nilishakuwa mtu mzima kabla sijashangaa kwa nini.

Basi asubuhi kadhaa tulikaa uani, mimi na yeye, tukiitazama bodi ikihangaika kuamka kadiri jua lilivyopanda juu ya vilima. Mama alifunika magoti kwa kitenge, akaniuliza kwa nini kinakohoa taa namna ile. Nilimweleza. Nilikuwa naandika kiendeshi cha kile kipande kinachogawa umeme, ili butloda iulize kwanza: umeme umetulia au bado? Kama bado, ikae kimya isubiri. Mama alilipenda jambo hilo. Alisema hata mgonjwa haruki kitandani kwa sababu tu amefumbua macho. Siku bodi ilipongoja vizuri, ikaacha jua lipande, kisha ikaamka mara moja bila kuyumba, alipiga makofi na kwenda kuchemsha chai.

Ndipo nikamweleza habari ya saini. Nilikuwa nimeamua kuirudisha kazi yangu kule ilikotoka butloda, ili mtu yeyote mwenye bodi kama zetu asiteseke tena. Wale watu wana sharti moja. Chini ya kila kazi unayotoa unaandika jina lako, kuthibitisha kwamba ni yako na umeitoa kwa hiari. Hawataki jina la utani. Lakini hawaulizi kadi, hawaulizi namba ya familia, hawataki alama za vidole. Unajitaja tu. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani bila kuangalia karatasi, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaandika jina nililozaliwa nalo. Nilimwambia Mama hivyo, na nilikuwa na furaha ambayo nadhani ilinipofusha.

Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza jina hilo litakaa humo muda gani. Nikajibu, bila kufikiri, kwamba litakaa daima. Hakuna anayefuta. Kila anayeichukua ile programu anachukua na majina ya walioiandika, iwe Kampala, iwe Ulaya. Akauliza tena kama ni kweli, nami kwa majivuno nikamthibitishia.

"Umuandike yeye," akasema.

Nilijua anamsema nani. Nikamwambia, "Mama, kazi hii ni yangu."

"Najua ni ya kwako. Ndiyo maana nakuomba weye. Yeye hana kaburi lenye kujulikana. Hana hata picha. Miaka yote sikuweza kumutaja mbele ya watu, kwa sababu wanajua yuko hapa, ni weye. Umuandike mule, abaki fasi moja."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu hakuwa ameniomba kitu tangu nizaliwe mara ya pili mgongoni mwake, na alipoomba, akaomba hicho. Nilisimama nikaenda kuzungukazunguka nyuma ya nyumba, nikapiga teke dumu lisilo na hatia. Yule mwanamke angeweza kuniacha barabarani, na hakuna ambaye angemlaumu. Mtoto wake alikufa, mimi nikala sehemu yake ya chakula, nikavaa jina lake, nikasoma kwa jina lake. Ningemwambiaje hapana? Nilirudi nikamwambia sawa.

Karakanani niliandika jina la marehemu chini ya kila kiendeshi na kuvituma. Kule mbali kuna mtu anayepokea kazi hizo na kuzikagua, mtu ambaye sijawahi kumwona. Ni mkali, anakurudisha hata kwa nafasi moja iliyozidi kati ya maneno. Nilimchukia kwa muda, halafu nikaanza kumheshimu, maana kila alichonirudishia kilikuwa kweli. Kila ujumbe wake aliuanza kwa kuliita lile jina, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Baada ya kurudishana kwa muda mrefu akaandika kwamba kazi imepokelewa, na kwamba anashukuru kwa uvumilivu.

Nilimpigia Mama simu hapo hapo.

"Wamemushukuru?" akauliza.

Nilidhani ulimi umeteleza. Nikasema ndiyo, wameshukuru. Nilimsikia akilia, kisha akicheka, kisha akimwita jirani. Jioni hiyo Afande alininunulia soda na kuwaambia wateja kwamba kazi ya Kamukuzi sasa iko duniani kote. Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Viendeshi vile nilivijua kama vidole vyangu.

Lakini ulimi wa Mama haukuwa umeteleza. Kila nilipopiga simu aliuliza habari za yule. Wamemwandikia? Anaendeleaje? Mwambie asichoke. Mtu mmoja kutoka nchi nyingine aliandika kwamba kiendeshi cha umeme kimemsaidia kwenye pampu zake za maji, nikamsomea Mama, naye akaniambia nisome tena pale penye jina tu. Nilipougua malaria nikampigia kumweleza, alinipa pole kwa moyo, alitaka kupanda gari aje, halafu akauliza nani atakayemjibia barua zake wakati mimi nimelala. Nilikata simu. Nilijidanganya kwamba ni mtandao.

Niseme wazi nilichohisi, kwa kuwa hakuna wa kunihukumu zaidi yangu mwenyewe: nilimwonea wivu mtoto aliyekufa. Tangu utotoni nilibeba jina lake na halikunilemea, kwa sababu lilikuwa tupu, kama koti la mitumba. Sasa lilikuwa na mtu ndani. Alikuwa hodari, mvumilivu, anashukuriwa na wageni, anasubiriwa na mama yake. Na kila nilichofanya kizuri kilimnenepesha yeye.

Nikajaribu kujitoa. Nilipomaliza kiendeshi kingine, cha kupima joto la tangi, niliandika chini yake jina langu la kuzaliwa. Niliketi nikilitazama. Sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa, na sikuwa na hakika hata ya herufi moja ya katikati. Afande akapita na kikombe chake, akachungulia.

"Huyu ni nani?"

Nikasema ni ndugu yangu.

"Huyu hawamujui. Weka ile jina ya wewe, nyabo. Ile wanajua, watakubali haraka."

Alikuwa amesema kweli bila kujua alichosema. Kule mbali kulikuwa na mtu mmoja waliyemwamini, na hakuwa mimi. Hata ile kazi ya kwanza haikuwezekana kusahihishwa. Vipande vya programu ile vimefungamana, kila kimoja kinakishika kilichokitangulia. Ukibadilisha mstari mmoja wa zamani, vyote vilivyofuata vinakatika kwa kila mtu aliye navyo. Hakuna ambaye angekubali kuvuruga kazi ya watu wote hao kwa ajili ya jina. Nikafuta langu, nikaandika lake, nikatuma.

Mwezi wa Novemba ulipofika nilikwenda Nakivale kwa sala ya marehemu. Katika jumuiya yetu hatusomi orodha. Tunakaa duara uani kwa mtu, Warundi na Wakongo pamoja, na kwa kuwa tumechanganyika tunasali kwa Kiswahili. Kila mmoja kwa zamu anataja wafu wake kwa mdomo wake mwenyewe, na wengine wanaitikia baada ya kila jina. Mwaka huo zamu ya uani ilikuwa ya Mama. Nilibeba viti kutoka kwa majirani, nikafagia, nikapanga vikombe.

Miaka yote, zamu ya Mama ikifika, alikuwa akisema "wangu wote" na kunyamaza. Nilijua ni kwa nini. Angemtajaje binti yake kati ya wafu wakati majirani wanamwona pale ameshika rozari? Safari hii alisimama. Alivuta kitenge mabegani na kutaja jina moja, taratibu, kwa sauti ambayo hata waliokaa karibu na ukuta waliisikia. Lilikuwa langu. Lile la kuzaliwa. Sikuwa nimelisikia kutoka kinywani mwake tangu njiani, nikiwa mtoto.

"Apumzike kwa amani," watu wakaitikia.

Na mimi niliitikia. Mdomo ulizoea, ukatangulia.

Wakati wa chai nilimfuata jikoni. Nilimuuliza kwa ukali, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie, amefanya nini. Hakushtuka. Alikuwa anatia sukari kwenye birika.

"Nilikuwa na watoto wawili," akasema. "Mmoja alikufa, na sikuweza kumuombea kwa jina. Sasa yeye watu wanamuita kila siku, wanamushukuru. Nitamuombea raha ya milele namna gani, mwenye kuitwa hivyo? Lakini lile la kwako limebaki bila mutu. Hakuna mwenye kuliita. Nikaona tusiliache njiani na lenyewe."

"Mama, mimi si nimesimama hapa?"

"Umesimama, mwana. Nimeombea jina. Sikuombea weye."

Alinishika shavu kwa kiganja chenye joto la birika, kisha akanipa sinia nikagawe. Hakuwa amechanganyikiwa; nilimtazama vizuri, akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu. Alikuwa amepanga mambo yake, kila mtoto mahali pake, na moyo wake umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Nilichompa nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuwa na la kumdai.

Nikatoka uani na sinia. Jirani mmoja, Mkongo, mama mtu mzima aliyehamia Misiera juzijuzi, alipokea kikombe chake na kuushika mkono wangu usiondoke.

"Pole, dada," akasema. "Ule mutoto mama yako alimutaja, weye ulimujua?"

"Kidogo," nikamjibu. "Tulipokuwa wadogo."